Bili ya umeme nayo ni ufadhili wa masomo

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu matajiri wa Marekani wanaovichangia vyuo vya kihistoria vya watu weusi ilinifurahisha kwa habari zake, lakini tamati yake ilinikwaza. Mwandishi alihitimisha kwamba asasi za hisani zingefanya vyema zaidi kama kila senti ingekwenda moja kwa moja kwa mwanafunzi mwenye kipaji, naye akaibeba hadi chuo anachokitaka, huku vyuo vyenyewe vikiachwa vijitegemee. Kwa miaka 19, kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Tanga, nilikuwa karani katika ofisi ya ada ya chuo kimoja kidogo cha watu weusi kusini mwa Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba fedha za wafadhili zinaingia katika akaunti ya mwanafunzi anayestahili, kwa kiasi kinachostahili, kabla dirisha la usajili halijafungwa. Naomba nafasi niseme kwamba ushauri ule, ingawa umetolewa kwa nia njema, ungevimaliza vyuo ambavyo makala yenyewe ilivisifu, na baada ya hapo kipaji kingebaki na hundi mkononi bila darasa la kuingia.

Niwakumbushe kwanza wasomaji wasiovifahamu vyuo hivi. Sheria ya Elimu ya Juu ya Marekani ya mwaka 1965 inavitambua kuwa ni vyuo vilivyoanzishwa kabla ya mwaka 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani weusi, na leo vipo kama 100, vingi vikiwa katika majimbo ya kusini. Cheyney, katika jimbo la Pennsylvania, kilianza mwaka 1837, wakati utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo ya kusini. Fisk kilianza mwaka 1866, Howard na Morehouse mwaka 1867, Hampton mwaka 1868, Spelman na Tuskegee mwaka 1881, yaani katika miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa jitihada za makanisa, wamisionari na watu ambao minyororo ilikuwa imewatoka juzi tu. Hawakuwa na mtaji, wala hawakuwa na kizazi cha wahitimu matajiri wa kukirudia chuo chao na kukijengea maktaba. Pale Tuskegee wanafunzi walifyatua wenyewe matofali ya majengo yao. Pale Fisk, mwaka 1871, chuo kilipokuwa karibu kufungwa kwa madeni, vijana tisa waliondoka Nashville pamoja na mwalimu wao wakaenda kuimba mji hadi mji, Marekani na baadaye Uingereza, na mapato ya nyimbo zao ndiyo yaliyokiokoa chuo na kulisimamisha jengo la Jubilee Hall ambalo lipo hadi leo. Vijana wale hawakuimba ili walipiwe ada. Waliimba ili chuo kiwepo.

Fikra hiyo hiyo ndiyo iliyouzaa UNCF (United Negro College Fund), mfuko wa pamoja wa kuvichangishia fedha vyuo binafsi vya watu weusi, ambao mwandishi wenu aliutaja kana kwamba tangu mwanzo ulikuwa dawati la kugawia wanafunzi hundi. Mwezi Januari 1943, Frederick Patterson, aliyekuwa mkuu wa Tuskegee, aliandika katika gazeti la Pittsburgh Courier akieleza adha aliyoijua vizuri: mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulikuwa umewapunguza wafadhili, na wakuu wa vyuo binafsi vya watu weusi walikuwa wakipishana katika milango ile ile ya matajiri wa kaskazini, kila mmoja na bakuli lake, kila mmoja akimharibia mwenzake. Patterson alikuwa ameona jinsi kampeni ya kupambana na ugonjwa wa kupooza ilivyokusanya sarafu ndogo ndogo kutoka kwa umma mzima, akapendekeza vyuo viache kushindana na viombe kwa sauti moja. Mwezi Aprili 1944 vyuo 27 viliungana. Miongoni mwa waliousimamisha mfuko huo alikuwa Mary McLeod Bethune, mwanamke aliyeanzisha huko Florida shule ambayo baadaye ilikua ikawa chuo cha Bethune-Cookman. Kampeni ya kwanza ilikusanya zaidi ya dola 700,000, na fedha hizo ziligawanywa kwa vyuo vyenyewe, kwa kanuni waliyokubaliana, zikasaidie uendeshaji wa kila siku: mishahara ya wahadhiri, vitabu, matengenezo. Ufadhili wa mwanafunzi mmoja mmoja kwa jina lake ulikuja kushamiri baadaye. Kwa Patterson na wenzake, kumsaidia mwanafunzi kulikuwa na maana ya kukiwezesha chuo kumpokea kwa ada ambayo mzazi mkulima au mfua nguo angeweza kuifikiria bila kukata tamaa.

Naelewa kwa nini mambo yalibadilika. Mfadhili ni binadamu, naye hupenda kuona uso. Kauli mbiu maarufu ya mfuko huo, iliyoanza kutumika mwaka 1972, ilisema kwamba akili ni kitu cha thamani mno kuachwa kipotee, nayo ilivuta mioyo na mifuko ya Wamarekani kwa miongo mingi. Sijasikia kauli mbiu yoyote juu ya paa linalovuja. Mwaka 1999 taasisi ya Bill na Melinda Gates iliukabidhi mfuko huo kazi ya kusimamia mpango mkubwa wa ufadhili ambao jumla yake ilifikia dola bilioni 1.6 na kuwasomesha vijana 20,000 wa jamii mbalimbali zilizo chache nchini humo. Ulikuwa mpango wa kheri, na nimewaona kwa macho yangu watoto wa mafundi na wapishi wakifika udaktari kwa sababu yake. Lakini mwanafunzi aliruhusiwa kuzipeleka fedha hizo chuo chochote kilichomdahili, kwa hiyo haukuwa mpango wa kuvijenga vyuo vya watu weusi hata kidogo, na anayeutumia kama ushahidi kwamba vyuo hivyo vimeshapata mgao wao anachanganya mambo mawili.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulielewa jambo hili. Mbiyu Koinange wa Kenya alikwenda Hampton, Virginia, mwaka 1927, miongo mitatu kabla ya wengi wetu kulisikia jina la chuo hicho. Kisha ikaja safari ya ndege aliyoipanga Tom Mboya, ambayo vitabu vyetu vinaikumbuka kwa vijana 81 waliopaa Septemba 1959. Asasi iliyosimamia uchangishaji huko New York ilisaidiwa na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000, na msafara ukapanuka kuwachukua pia vijana wa Uganda, Tanganyika na Zanzibar. (John Kennedy wa familia hiyo, aliyekuja kuwa rais, miaka michache kabla, alikuwa ameikabidhi UNCF dola 500 za tuzo yake ya Pulitzer, jambo ambalo wapenzi wa historia ya Mboya hulisahau.) Fedha za michango zilibeba hasa nauli. Nafasi za masomo na misamaha ya ada zilitoka kwa vyuo, na baadhi ya vyuo hivyo vilikuwa vya watu weusi ambavyo vyenyewe havikuwa na kitu. Mwezi Julai 1959, Martin Luther King alimwandikia Mboya kukubali kusaidia gharama za kijana mmoja wa Kenya aliyekuwa anakwenda Tuskegee. Kama mwaka 1944 Patterson na wenzake wangeamua kugawa hundi kwa vijana na kuviacha vyuo vijitegemee, sijui yule kijana angekwenda kupokelewa wapi.

Sasa nirudi kwenye dirisha langu, maana huko ndiko nilikojifunza ninayoyasema. Ada ya mwanafunzi katika chuo cha namna ile hulipwa kwa viraka. Kiraka cha kwanza ni ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo wanafunzi wengi wa vyuo hivi huipata kwa sababu familia zao ni za kipato cha chini, na ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Kisha huja ruzuku ya jimbo kama ipo, mkopo wa mwanafunzi, mkopo wa mzazi, mchango wa kanisa la kijijini, ujira wa kazi ya maktaba, na ufadhili wa asasi moja au mbili. Ukivijumlisha viraka vyote, karibu kila mara hubaki tundu. Tundu hilo sisi tuliliita salio, na salio ndilo lililowarudisha nyumbani vijana wengi zaidi kuliko mitihani.

Nakumbuka binti mmoja wa mwaka wa tatu, mwanafunzi wa biolojia, ambaye alikuwa na barua tatu za ufadhili katika bahasha yake na bado alikuwa anadaiwa dola 640 za bweni za muhula uliotangulia. Barua ya kwanza ilikuwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza tu, muda wake ukawa umekwisha. Ya pili ililipia ada ya mafunzo peke yake, haikuruhusiwa kugusa chakula wala malazi. Ya tatu ilikuwa nono kuliko zote, lakini fedha zake zingetolewa baada ya chuo kuthibitisha kwamba amesajiliwa, na hakuweza kusajiliwa mpaka deni la bweni limalizike. Kwa kuwa hakusajiliwa, ruzuku ya Pell ya muhula mpya nayo haikuweza kuingia. Dola 640 zilikuwa zimefunga mlango ambao nyuma yake kulikuwa na maelfu ya dola zenye jina lake. Mama yake alipiga simu mara nne siku ile, akiniita baba, akiniuliza kama naweza kuongea na mtu fulani, na mimi sikuwa na mtu fulani wa kuongea naye.

Aliyemwokoa hakuwa mfadhili yeyote mwenye picha ukutani. Chuo kilikuwa na kifungu kidogo cha michango ya jumla isiyo na masharti, kilichotokana na bahasha za wahitimu wazee waliotuma dola 25 au 50 kila Krismasi bila kueleza zifanye nini, na mkuu wa ofisi alikuwa na mamlaka ya kukigusa. Aliandika kiasi kwenye karatasi, akatia sahihi, na saa tisa alasiri binti akawa amesajiliwa. Hakuna taarifa ya habari iliyoandikwa. Wazee wale hawakutumiwa barua ya shukrani yenye picha ya msomi mtarajiwa, kwa sababu hakuna aliyejua dola 640 zile zilikuwa za mzee gani.

Kisa hicho kilikuwa cha mtu mmoja. Mwaka 2012 nilikiona kikiwa cha chuo kizima. Mwaka uliotangulia, Wizara ya Elimu ya Marekani ilikuwa imekaza masharti ya kukagua historia ya madeni ya wazazi wanaoomba mkopo uitwao Parent PLUS, na vyuo havikupewa tahadhari ya kutosha. Wazazi waliokuwa wamekubaliwa kwa mwaka wa kwanza na wa pili walijikuta wamekataliwa kwa mwaka wa tatu. Maelfu ya wanafunzi wa vyuo vya watu weusi waliathirika. UNCF ilipaza sauti, pamoja na Thurgood Marshall College Fund, mfuko ulioanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya vyuo vya umma vya aina hiyo, na mwaka 2013 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Arne Duncan, aliwaomba radhi wakuu wa vyuo kwa jinsi jambo lile lilivyoendeshwa. Radhi hiyo ilipofika, foleni yetu ya Agosti ilikuwa imekwisha zamani, na waliokuwa ndani yake wengine walikuwa wanaendesha malori.

Lakini lililonifunza zaidi ni yaliyowapata waliobaki. Chuo kilichopoteza mamia ya wanafunzi kwa muhula mmoja hakipunguziwi bili ya umeme kwa mamia hayo, wala mhadhiri wa kemia hawezi kulipwa nusu kwa sababu nusu ya viti ni vitupu. Kozi zikafutwa, maabara ikafunguliwa siku tatu kwa wiki, na vijana wenye ufadhili kamili, wasiodaiwa hata senti, wakaambiwa kwamba somo walilolihitaji ili wahitimu halitafundishwa mwaka ule. Mwandishi wenu akaulizwe: kijana wa namna hiyo, ambaye hundi yake imelipwa yote, amefadhiliwa au hajafadhiliwa?

Tena kuna suala la ithibati, ambalo Watanzania wanaofuatilia vyuo vyetu wanalielewa bila kuelezwa sana. Marekani, chuo kisicho na ithibati hakiwezi kupokea ruzuku wala mikopo ya serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi wake, na moja ya mambo yanayokaguliwa ni kama chuo kina uwezo wa kifedha wa kujiendesha. Morris Brown, chuo cha Atlanta kilichoanzishwa na kanisa la watu weusi la African Methodist Episcopal mwaka 1881, kilipoteza ithibati mwaka 2002. Kutoka wanafunzi wapatao 2,500 kilibaki na makumi tu, kikakaa hivyo miaka 20 kabla ya kuirejesha mwaka 2022. Saint Paul's, katika mji mdogo wa Lawrenceville, Virginia, kilifunga milango mwaka 2013 baada ya miaka 125. Bennett, chuo cha wanawake huko Greensboro, North Carolina, kiliambiwa Desemba 2018 kwamba kinavuliwa ithibati, na sababu ilikuwa fedha, si ubora wa masomo yake. Wahitimu, makanisa na watu wa kawaida walichanga, na kufikia Februari 2019 zilikuwa zimepatikana dola milioni 8.2, zaidi ya lengo la milioni 5. Hata hivyo shirika la ithibati halikuridhika, na chuo kilikwenda mahakamani, kisha kikatafuta ithibati kwa shirika jingine. Watu waliotoa fedha zile hawakuwa wanamlipia ada mwanafunzi yeyote kwa jina. Walikuwa wanazuia kila hundi ya kila mwanafunzi wa Bennett isigeuke karatasi.

Najua pingamizi litakalokuja, maana limenifikia hata barazani hapa Tanga: vyuo vingine vimeharibiwa na viongozi wake, na fedha zisizo na masharti ni karamu ya wezi. Sitalikwepa. Anguko la Morris Brown lilihusisha pia kesi ya jinai juu ya matumizi ya fedha za wanafunzi, na mimi mwenyewe niliwahi kuona, katika ofisi nisiyoitaja, fungu la ufadhili likitumika kuziba pengo la mishahara huku wanafunzi wakiambiwa wasubiri. Ukaguzi wa hesabu ni haki ya mfadhili, na mkuu wa chuo anayeukwepa asipewe kitu. Lakini kukagua na kufunga mikono ni vitu viwili. Mfadhili anayeweka sharti kwamba fedha zake zisomeshe wahandisi wa mwaka wa kwanza waliozaliwa katika wilaya fulani hajamzuia mwizi. Amemzuia karani asimsajili binti wa biolojia.

Mfano ulio kinyume chake ni wa mwaka 2020. Tajiri MacKenzie Scott alitoa fedha kwa vyuo kadhaa vya watu weusi bila kuvielekeza cha kufanya. Prairie View A&M cha Texas, kilichokuwa chini ya Ruth Simmons, kilipata dola milioni 50, na katika hizo kikatenga milioni 10 kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne waliokuwa na salio kwa sababu ya shida za korona. Sehemu iliyobaki ililengwa kukikuza chuo chenyewe. Angalieni nani aliyegundua kwamba tundu liko kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne: ni chuo, kwa kuwa ndicho kinachokaa upande wa pili wa dirisha. Tajiri aliye mbali hawezi kulijua hilo, hata awe na moyo wa dhahabu na washauri kumi.

Naomba pia niseme neno juu ya zawadi iliyoshangiliwa kuliko zote katika makala yenu, ya tajiri Robert Smith, ambaye mwezi Mei 2019 alisimama mbele ya wahitimu karibu 400 wa Morehouse na kutangaza kwamba familia yake italipa mikopo yao. Hatimaye ikawa dola milioni 34, pamoja na mikopo ya wazazi. Nilikuwa bado kazini, na siku ile tulilia ofisini. Kisha Jumatatu yake wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo chetu walikuja kuuliza kama nasi tuna mtu kama yule. Waliohitimu Morehouse mwaka mmoja kabla hawakupata kitu, na waliohitimu mwaka mmoja baada hawakupata kitu. Smith mwenyewe nadhani aliliona hilo, kwa sababu mwaka 2020 alishiriki kuanzisha asasi inayowapa wanafunzi wa miaka ya mwisho, hasa wa sayansi na teknolojia, njia mbadala ya mkopo wa mzazi, ambayo marejesho yake yanategemea kipato baada ya kuhitimu. Huo ni mpango. Tangazo la Mei lilikuwa karamu, na karamu ni njema kwa walioalikwa.

Kitu ambacho vyuo hivi vimekikosa kwa muda mrefu kuliko vyote, sisi wa Pwani tuna jina lake la siku nyingi: wakfu. Mzee akiuwekea msikiti wakfu shamba la minazi, shamba haliuzwi. Zinauzwa nazi, na taa inapata mafuta mwaka huu, mwaka ujao na baada ya mwenyewe kuzikwa. Chuo cha Marekani hujiendesha kwa namna iyo hiyo, kikitumia sehemu ndogo ya faida ya mtaji usioguswa. Wakfu wa Harvard una zaidi ya dola bilioni 50. Howard, chuo mashuhuri kuliko vyote vya watu weusi, wakfu wake umefikia dola bilioni moja miaka hii ya karibuni tu, na vyuo vidogo kama kile nilichokitumikia vina shamba la minazi mitatu, minazi yenyewe imezeeka. Kwa hiyo mpango wa UNCF wa sasa, wa kujenga wakfu mmoja wa pamoja wa dola milioni 370 kwa ajili ya vyuo wanachama 37, yaani milioni 10 kwa kila kimoja, naona ndio uamuzi wa busara zaidi tangu ule wa mwaka 1944, na ni ule ule kwa kweli: kuacha kushindana na kuweka katika chungu kimoja. Taasisi ya Lilly Endowment ilitoa dola milioni 100 mwezi Januari 2024, na mwaka 2025 Scott aliongeza milioni 70. Tukichukua mavuno ya asilimia 4, fungu la milioni 10 huzaa dola 400,000 kwa mwaka. Kwa chuo kikubwa hizo ni fedha za maua. Kwa chuo chetu zingelipa kila salio nililowahi kuliandika kwa kalamu nyekundu katika mwaka wowote, na chenji ingebaki ya kutengeneza paa la maktaba.

Hapo ndipo nalazimika kuomba masahihisho. Makala yenu ilisema kwamba dola milioni 70 za Scott zilikuwa za kuwalipia wanafunzi ada. Hazikuwa hivyo, zilikwenda kwenye wakfu huo wa pamoja.

Sitaki nieleweke kwamba hisani inaweza kuibeba serikali mgongoni. Mwezi Septemba 2023, mawaziri wa Elimu na wa Kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo 16 kuwaambia kwamba vyuo vya umma vya watu weusi vilivyotokana na sheria ya mwaka 1890 ya vyuo vya kilimo na ufundi vilikuwa vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika muda wa miaka kama 30, vikilinganishwa na vyuo vya wazungu vya aina hiyo hiyo katika majimbo hayo hayo. Hakuna asasi ya hisani yenye fedha za kuziba shimo hilo, na kila anayesema vyuo hivi vijitegemee angeanza kwa kudai deni hilo lilipwe.

Namaliza na jambo linalowahusu wasomaji wenu wenye watoto wanaoomba nafasi huko, maana simu zao zinanifikia. Kijana wa Tanzania au Kenya anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi hapati ruzuku ya Pell, hapati mkopo wa serikali kuu, na ufadhili mwingi wa asasi za huko umewekewa sharti la uraia au ukaazi wa kudumu. Tegemeo lake karibu lote ni fedha za chuo chenyewe, zile zile zisizo na jina ambazo mwandishi wenu anataka ziondolewe. Na fedha hizo zitagombaniwa zaidi, kwa sababu sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 imeuwekea mkopo wa Parent PLUS ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mwanafunzi, kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na familia za Wamarekani weusi zilizokuwa zikikopa zaidi ya hapo zitarudi dirishani kuuliza chuo kina nini. Mzazi anayepokea barua ya udahili kutoka chuo chochote cha namna hii asiishie kusoma kiasi cha ufadhili wa mwaka wa kwanza. Aandike barua kwa ofisi ya ada aulize mambo matatu: ufadhili huo unatoka katika wakfu wa chuo au katika mchango wa mwaka huu tu, unaendelea hadi mwaka wa nne kwa masharti gani, na chuo kina kifungu cha dharura cha salio au hakina. Karani atakayejibu swali la tatu kwa haraka na kwa kutaja kiasi, huyo anafanya kazi mahali penye uhai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Karani mstaafu wa ofisi ya ada,
Tanga